Fundi viatu wa Dakawa apewe nafasi katika tiba ya nyayo

ALFAJIRI ya msimu wa kupandikiza mpunga, ukungu ukiwa bado umelala juu ya bonde la Mto Wami, njia zitokazo vijijini Dakawa kwenda mashambani hujaa watu. Wanawake kwa wanaume, wengi wao wamevaa kandambili. Wafikapo kwenye kingo za majaruba kandambili huvuliwa, na tangu hapo hadi jua la mchana mguu huzama katika tope, huchomolewa, huzama tena. Kiuno kimeinama, na uzito wote wa mwili umeegemea nyayo mbili zisizo na kitu cha kuzikinga. Jioni safari ni ile ile, ila sasa ardhi ni kavu na ngumu, na kandambili yenyewe imelika kisigino hata mwanga wapenya. Wakati huo huo mwalimu wa Dakawa naye amesimama juu ya sakafu ya saruji tangu kipindi cha kwanza, chaki mkononi, katika viatu vya mtumba alivyovinunua kwa sababu vilikuwa na sura ya ofisi.

Wawili hawa hawafanani kwa kazi wala kwa kipato. Lakini asubuhi wanapoteremka kitandani na kukanyaga chini kwa mara ya kwanza, wengi wao wana shauri moja: kisigino kinauma kama kilichochomwa msumari.

Jina la Dakawa si geni katika historia ya Taifa. Hapo ndipo lilipoanzishwa shamba la mpunga la shirika la umma la NAFCO, lenye hekta zipatazo 2,000 za kumwagiliwa kwa maji ya Wami, ambalo baadaye liliingia mikononi mwa wakulima wadogo na ushirika wao, UWAWAKUDA. Mbegu ya mpunga ya TXD 306, ambayo wakulima huiita SARO 5, imebeba herufi ya Dakawa katika jina lake. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipewa ardhi hapo mwaka 1982 wajenge makazi yao ya uhamishoni. Na hapo ndipo Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki dunia katika ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984. Dakawa imekwisha kupimwa kwa hekta, kwa magunia na kwa mita za ujazo za maji. Ni nani aliyewahi kuupima mguu wa mtu aifanyaye kazi hiyo?

Swali hilo huweza kuonekana la mzaha, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Maumivu ya nyayo hayana heshima. Mfanyakazi mwenye homa hupewa ruhusa, mwenye jeraha hufungwa bendeji na kupewa pole, lakini mwalimu asemaye kwamba hawezi kusimama kwa sababu kisigino kinamuuma huambiwa kwamba amezeeka, au kwamba ni mvivu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi hunyamaza, huenda duka la dawa, hununua vidonge vya diklofenaki na kuvimeza mwezi baada ya mwezi, bila ya mtu wa kumwambia kwamba dawa hiyo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuchimba tumbo na kuharibu figo. Kisigino kinabaki pale pale.

Ugonjwa ulio maarufu zaidi katika maumivu haya unaeleweka vizuri. Chini ya wayo kuna utando mgumu mfano wa ukano, utokao kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole. Utando huo ndio unaolishika tao la wayo lisianguke mtu anaposimama. Ukivutwa kila siku kupita kiasi, kwa kusimama muda mrefu mahali pagumu, kwa uzito wa mwili ulioongezeka, au kwa misuli ya nyuma ya mguu iliyokakamaa, huanza kuchakaa pale unaposhikana na kisigino. Usiku, mguu ukiwa umepumzika, utando hujikunja. Asubuhi unaponyooshwa ghafla, uchungu hupanda. Baada ya hatua kumi au ishirini uchungu hupungua na mtu husahau, kisha jioni hurudi. Mwenye kuchechemea kwa kukikwepa kisigino hubadili mwendo wake wote, na si ajabu baada ya miezi kadhaa goti, nyonga na kiuno navyo vikaanza kudai haki yao. Hapo mgonjwa huandikiwa dawa za kiuno.

Inafaa hapa kuondoa dhana moja inayopendwa na watu waliosoma. Wapo wadhanio kwamba mkulima huumia miguu kwa sababu hakuvaa viatu utotoni, na kwamba nyayo bapa ni matokeo ya kutembea peku. Uchunguzi uliofanywa nchini India kwa watoto 2,300 na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kinyume chake: nyayo bapa zilionekana zaidi kwa watoto waliovaa viatu kuliko kwa wale waliotembea peku. Aidha, nyayo bapa zenyewe si ugonjwa. Watu wengi huishi nazo hadi uzeeni wakilima, wakibeba mizigo na kucheza ngoma, bila ya kuumwa. Kinachomdhuru mtu wa Dakawa ni mzigo wa kazi juu ya nyayo zisizo na msaada, na viatu ambavyo ni afadhali visingekuwapo.

Sasa, nchi hii si maskini wa elimu katika jambo hili. Mwaka 1981, kwa msaada wa Wajerumani, ilianzishwa katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, shule ya kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kutegemeza viungo, ijulikanayo kwa jina la TATCOT. Shule hiyo imepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika na hata nje ya bara hili. Mtanzania asiyejua hufikiri kwamba mafundi hao hutengeneza miguu ya bandia tu, kwa ajili ya waliokatwa. Kumbe sehemu kubwa ya utaalamu wao ni kuusaidia mguu ambao bado upo, usije ukafika kukatwa.

Mojawapo ya vifaa vyao ni soli ya ndani inayotengenezwa kwa kipimo cha mguu wa mtu mmoja. Utengenezaji wake unastahili kuelezwa, maana ni ufundi hasa. Fundi huanza kwa kumtazama mgonjwa akitembea, akisimama, na akiwa ameketi. Hutazama pia viatu vyake vya zamani, kwa kuwa soli iliyolika upande mmoja husema mengi ambayo mwenye kiatu hakuyasema. Kisha huushika mguu katika mkao unaofaa na kuuzungushia bendeji ya plasta iliyoloweshwa. Ikikauka, huivua taratibu: hiyo ni kalibu ya mguu. Ndani yake humiminwa uji wa jasi, nao ukishikamana hutoka mfano kamili wa wayo, na tao lake, na vinundu vyake. Fundi huuchonga mfano huo kwa tupa, akipunguza hapa ili soli ibebe zaidi, akiongeza pale ili mahali penye kidonda au mfupa uliojitokeza pasiguswe. Juu ya mfano ndipo hulazwa plastiki iliyopashwa moto, au ngozi, au sponji ngumu, ikapata umbo. Hukatwa, husuguliwa kwa mashine, hutiwa katika kiatu, na mgonjwa huambiwa atembee. Hapo kazi bado haijaisha, kwani baada ya wiki chache hana budi kurudi ili soli irekebishwe. Mgonjwa wa Dakawa husafiri kilomita zipatazo 40 kufika Morogoro mjini tu, na pengine mbali zaidi kumpata fundi mwenyewe. Ni wangapi watarudi mara ya pili?

Wakati mafundi wa kweli ni wachache na wako mbali, pengo lao hujazwa na wachuuzi. Katika miji mikubwa wapo wauzao soli za ndani kwa maneno ya ajabu: kwamba zinaponya kiuno, zinanyoosha mgongo, zinarudisha nguvu. Mtu hukanyagishwa juu ya mashine yenye taa, huonyeshwa picha ya rangi rangi ya nyayo zake, hutozwa fedha ambazo mwalimu hupata kwa kazi ya siku nyingi, akaenda zake na kipande cha sponji.

Kwa sababu hiyo ukweli wa sayansi lazima usemwe wazi, hata kama unawaudhi wauzaji. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Australia kwa watu 135 wenye maumivu ya kisigino ya aina iliyoelezwa hapo juu. Waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walipewa soli ya mfano tu, yaani sponji laini isiyo na nguvu, wa pili soli zilizotengenezwa kiwandani kwa saizi za kawaida, wa tatu soli za kipimo cha mguu wa kila mmoja. Baada ya miezi mitatu makundi mawili ya mwisho yaliweza kufanya shughuli zao vizuri kidogo kuliko lile la kwanza, lakini soli ya kipimo haikuishinda ya kiwandani. Baada ya mwaka mmoja makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa. Kwa maneno mengine, kisigino cha watu wengi hupona kwa muda, na soli ya bei nafuu husaidia kuupitisha muda huo kama ile ya bei kubwa. Hali kadhalika kwa goti lililochakaa: majaribio kadhaa ya soli zilizoinuliwa upande mmoja hayakuonyesha tofauti ya maana na soli za kawaida.

Lakini mwaka huo huo wa 2006, na huko huko Australia, jaribio jingine la watu 154 wenye tao la wayo lililoinuka kupita kiasi lilionyesha kwamba waliopewa soli za kipimo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa soli za mfano. Wako watu, basi, ambao soli ya kipimo kwao ni dawa hasa. Wenye ugonjwa wa baridi yabisi ulioharibu viungo vya nyayo ni miongoni mwao. Mwenye mguu mmoja mfupi, kwa polio ya utotoni au kwa mfupa uliovunjika ukaunga vibaya, huhitaji soli yake iinuliwe kwa kipimo ili nyonga na mgongo vikae sawa. Na juu ya hao wote wapo wale ambao nyayo zao zimekufa ganzi.

Kwa hawa mkoa wa Morogoro una somo lake wenyewe. Huko Chazi, katika wilaya hiyo hiyo ya Mvomero, yako makazi ya watu walioathiriwa na ukoma. Ukoma huua hisia za wayo; mtu hukanyaga msumari asijue, hutembea na jiwe ndani ya kiatu kutwa nzima, na kidonda kisichouma hula mguu mpaka mfupani. Katika miaka ya 1950 na 1960 Daktari Paul Brand na wenzake huko Vellore, India, walitambua kwamba kinachovila vidole ni uzito wa mwili kuangukia mahali pamoja, hatua baada ya hatua, wala si vijidudu vya ukoma peke yake. Dawa yao ilikuwa ndala. Walitumia mpira wenye vipovu vidogo vidogo, laini usiobonyea moja kwa moja, ukawekwa juu ya soli ngumu isiyotoboka, na mikanda mipana inayofungwa hata nyuma ya kisigino. Msumari ulipigwa marufuku katika kiatu hicho. Kila kitu kilishonwa au kugandishwa kwa gundi. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977, uliirithi elimu hiyo. Mtu akitafuta soli ya ndani iliyobuniwa kwa ajili ya mkulima wa nchi ya joto, asiyevaa kiatu cha kufunika, asiitafute Ulaya. Iko katika ndala ya mgonjwa wa ukoma.

Ugonjwa wa kisukari nao sasa unaleta ganzi ile ile katika nyayo za watumishi wa ofisini. Mwaka 2004 Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walianzisha mpango wa hatua kwa hatua wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuchunguza miguu ya wagonjwa wa kisukari kabla haijaoza. Mguu ambao ungeokolewa na ndala nzuri hukatwa, na aliyekatwa mguu huacha jaruba, huacha darasa, huwa mzigo kwa jamaa zake.

Hoja basi ni ya mgawanyo wa kazi. Fundi aliyesomeshwa miaka mitatu Moshi asipotezewe siku kwa kisigino cha kawaida ambacho kingetulizwa kwa kipande cha sponji na mazoezi. Abakiziwe wenye ganzi, wenye viungo vilivyopinda, wenye mguu mfupi. Wengine wote, nao ndio wengi, wahudumiwe hapo hapo Dakawa, na watu wawili ambao tayari wapo: muuguzi na fundi viatu.

Fundi viatu wa chini ya mti hudharauliwa bure. Anajua ngozi, anajua gundi, anajua tairi la gari lakatwaje liwe katambuga, na miguu ya kijiji kizima imekwisha kupita mbele yake. Akifundishwa kwa wiki chache na mtaalamu, ataweza kukata kikalio laini cha kisigino, kutegemeza tao la wayo, kuinua soli iliyolika, na kutengeneza ndala yenye kitako kilichofuata umbo la mguu na mkanda wa nyuma. Hili la mwisho si dogo. Soli ya ndani huhitaji kiatu cha kuingia, na mwenye kandambili hana pa kuitia. Kwake yeye soli na kiatu lazima viwe kitu kimoja.

Wako watakaopinga kwamba fundi viatu si mganga, na kwamba akimtengenezea mwenye ganzi kiatu kibaya atamuua. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo maana muuguzi hutangulia. Kipimo chake hakihitaji umeme wala maabara. Mgonjwa hufumba macho. Muuguzi hugusa nyayo zake kwa upole, mahali mbalimbali, kwa uzi maalumu wa nailoni au hata kwa ncha ya kalamu ya wino kama wafanyavyo wahudumu wa ukoma. Mgonjwa huonyesha kwa kidole alipoguswa. Asiyehisi haendi kwa fundi viatu kamwe, huandikiwa barua ya kwenda kwa mtaalamu. Anayehisi hufundishwa kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu kwa kusimama ameegemea ukuta, na kuvingirisha chupa chini ya wayo kila asubuhi kabla ya kukanyaga sakafu. Ndipo hupelekwa kwa fundi viatu.

Morogoro haikosi kumbukumbu chungu katika habari ya viatu. Kwa fedha za Benki ya Dunia kilijengwa mjini hapo kiwanda cha kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa zikauzwe Ulaya. Jengo lilikuwa la kuta za alumini zisizopitisha hewa, katika mji wa joto kama Morogoro! Kiwanda hakikuwahi kufikia hata asilimia kumi ya uwezo wake, hakikuuza Ulaya jozi hata moja, na mwaka 1990 kikafungwa. Mengi yameandikwa kuhusu mitambo na usimamizi. Haijaulizwa vya kutosha kwa nini mguu wa Mzungu ulifikiriwa kwanza, na mguu wa mvuna mpunga aliye kilomita 40 kutoka lango la kiwanda haukufikiriwa kabisa.

Leo Moshi ina vitu viwili katika mji mmoja: shule ya TATCOT, na kiwanda cha viatu cha Karanga, cha Jeshi la Magereza na mfuko wa pensheni, kilichozinduliwa mwaka 2020. Mmoja anajua mguu, mwingine ana mashine na ngozi. Wakikaa meza moja wanaweza kubuni kiatu cha kazi cha mwalimu na muuguzi: chenye kina cha kutosha, kisigino kipana, na soli ya ndani inayotoka ili nyingine iwekwe. Mtumishi anayekatwa mchango wa pensheni kila mwezi ana haki ya kuuliza kwa nini mfuko wake haujamtengenezea kiatu cha kusimamia.

Kwa upande wa Dakawa, gharama haistahili kuogopwa. Mtaalamu mmoja aje siku moja kila mwezi, na Halmashauri ya Mvomero itie mafuta ya gari. Mafundi viatu watatu au wanne wafundishwe, wapewe tupa, gundi, mikasi ya ngozi na karatasi za mpira wa vipovu. Muuguzi apewe uzi wake wa nailoni na daftari la kuandika nani amepona na nani hakupona, ili mwaka ukiisha ijulikane kama mpango unafaa au uachwe. Na mwalimu mkuu wa kila shule, ambaye hahitaji kusubiri bajeti ya mtu yeyote, aweke stuli moja ndefu mbele ya kila darasa kuanzia muhula ujao.